Canter iliyobadilishwa injini: spea naagiza za injini gani?

SWALI: Nina Canter (lori dogo la Mitsubishi) ya zamani hapa Urambo, inabeba tumbaku. Kadi ya gari inasema injini ni 4D32, ila niliinunua ikiwa imeshabadilishwa. Nimeagiza Dar ringi na gasketi ya hedi za 4D32. Ringi zinacheza ndani ya silinda, na matundu ya gasketi ni madogo kuliko silinda. Nifanyeje? – Msomaji, Tabora

JIBU: Ndugu, kadi iweke pembeni. Hizo dalili zinaelekea 4D33, lakini usiagize tena kwa kukisia. Sugua bloku kwa dizeli na brashi ya waya, utafute aina na namba zilizogongwa kwenye chuma chenyewe. Stika na kava la tapeti usiviamini. Vinahama kutoka injini moja kwenda nyingine kwa boliti chache tu.

Hedi umeshaifungua, basi pima. Kwangua masizi kwenye mdomo wa silinda, juu kabisa ambako ringi hazifiki, upime kipenyo hapo kwa venia (kipimo cha taya chenye kusoma milimita na sehemu zake). Chini kidogo kumeshalika, patakudanganya. Kisha zungusha krenki pistoni ishuke mpaka mwisho, pima kina kuanzia uso wa bloku. Ipandishe mpaka mwisho, pima tena. Tofauti ndiyo stroki, yaani mwendo wa pistoni. Kipenyo kwa stroki, 4D32 ni milimita 104 kwa 105, 4D33 ni 108 kwa 115, 4D34 ni 104 kwa 115. Unaona mtego: 4D32 na 4D34 zina kipenyo kimoja, lakini krenki tofauti. Anayepima kipenyo peke yake ananunua hasara.

Ikiwa ni 4D33 na kipenyo ukapata 108.5, bloku ilishachongwa, agiza pistoni na ringi za 0.50, yaani zilizozidi saizi ya kiwandani kwa nusu milimita. Beringi za krenki zitoe uzigeuze: mgongoni pameandikwa STD (saizi ya kiwandani), au 0.25 au 0.50 kwa krenki iliyochongwa. Ila krenki nayo ipimwe, huenda aliyetangulia alifunga saizi isiyo yake.

Si kila spea inafuata injini. Mauntingi na mipira ya rejeta mara nyingi ni vya kuungaunga, peleka cha zamani dukani. Pleti ya klachi ina mabwana wawili: upana wake unafuata flaiwili, meno ya katikati yanafuata shafti ya giaboksi. Yahesabu. Stata vilevile: meno ni ya flaiwili, volti ni za waya za gari, 12 au 24.

Kwa muuza spea wa Kariakoo tuma picha ya namba ya bloku, vipimo, na spea ya zamani ikiwa kando ya rula. Naye akutumie picha ya spea na namba yake kabla haijapakiwa kwenye basi. Ikifika, lalisha gasketi juu ya bloku kavu, kagua kila tundu la maji na la oili. Tundu lisipolingana, irudishe. Fundi akisema atalitoboa, mkatalie.

Namba ya injini ikishajulikana, ipeleke TRA (Mamlaka ya Mapato) kadi irekebishwe.