Maswali ya Wasomaji: Shimo Jeusi Linalojizungusha

SWALI: Ndugu Mhariri, nimesoma kwamba shimo jeusi halitoi mwanga wowote, kisha nikasoma kwamba wanasayansi hupima kasi ya kujizungusha kwake kwa kutumia mionzi. Mionzi hiyo hutoka wapi, na kujizungusha kwa shimo huibadilije? – Msomaji, Mwanza.

JIBU: Mionzi hiyo haitoki ndani ya shimo, ambalo mvutano wake hauachii hata mwanga, bali hutoka kwenye gesi inayolizunguka ikiwa imetandaa mfano wa sahani. Gesi hiyo husuguana, husogea ndani polepole, na karibu na mashimo yenye uzito wa nyota hufikia joto la mamilioni ya nyuzi na kutoa eksirei (X-ray). Kujizungusha kwa shimo ndiko kunakoamua gesi isogee hadi wapi kabla ya kukosa njia imara ya kuzunguka na kutumbukia.

Tuchukue shimo jeusi liitwalo Cygnus X-1, lenye uzito wa takriban Jua 21. (Eksirei zake zilichunguzwa na setilaiti ya Uhuru, iliyorushwa tarehe 12 Desemba 1970 kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi, siku Kenya ilipoadhimisha uhuru wake.) Kama shimo hilo lisingejizungusha kabisa, sahani ingeishia kilomita 186 hivi kutoka katikati. Likijizungusha kwa kasi inayokaribia kikomo, na gesi ikizunguka upande huohuo, ukingo husogea hadi kilomita 40 hivi, kwa kuwa shimo huiburuta hata nafasi (space) yenyewe inayolizunguka, kama inavyoonekana katika milinganyo aliyoitoa mwanahisabati Roy Kerr mwaka 1963. Gesi ikizunguka kinyume, ukingo husukumwa nje.

Kadiri gesi inavyozama ndivyo inavyotoa nishati nyingi zaidi. Shimo lisilojizungusha huwezesha takriban asilimia 6 ya uzito wa gesi kugeuka mionzi, ilhali kwenye kikomo cha kinadharia kiasi hicho hufikia asilimia 42. Muungano wa haidrojeni unaoliwasha Jua haufiki hata asilimia 1.

Kipimo chenyewe hutegemea madini ya chuma. Atomu za chuma zilizomo katika sahani, zikipigwa na eksirei, hung'aa kwa nishati ya kiloelektronivolti 6.4 (kipimo cha nishati ya mionzi), lakini mionzi inayotoka karibu sana na shimo hupoteza sehemu ya nishati yake inapojinasua kutoka kwenye mvutano, hivyo mstari wa chuma, yaani alama ya mng'ao huo kwenye grafu ya nishati, huota mkia upande wa nishati ndogo. Mkia mrefu ni dalili ya ukingo ulio karibu, na hivyo ya shimo linalojizungusha kwa kasi. Wapo waliodai kwamba mawingu ya gesi yanaweza kuuiga mkia huo. Mwaka 2013, vipimo vya darubini za angani za eksirei, NuSTAR na XMM-Newton, kuhusu galaksi ya NGC 1365 viliidhoofisha sana hoja hiyo, na kwa maoni yangu ushahidi huo ni mzito.

Hata hivyo, usilihukumu shimo kwa mng'ao wake pekee, kwani shimo linalojizungusha taratibu lakini lenye gesi tele laweza kung'aa kuliko lenye kasi lililokosa gesi.