Kwa nini kinubi changu cha kompyuta kinasikika kama piano?

SWALI: Ninatengeneza muziki kwa kompyuta na kinanda kidogo cha MIDI (kinachotuma noti kwenye kompyuta). Nina programu nzuri ya kinubi, sampuli zake zimerekodiwa vizuri, lakini kila nikipiga apejio (noti za kodi moja baada ya nyingine) au kushusha mfululizo wa noti za haraka, kinachotoka ni piano iliyovaa nguo za kinubi. Nimeongeza mwangwi, nimebadilisha sampuli, hali ni ileile. Nakosea wapi?

JIBU: Rudisha mwangwi ulipokuwa, hauna kosa. Sampuli pia ziache. Shida ni kwamba unapiga kwa akili ya mpiga piano, na kinubi hakijui habari za funguo nyeupe na nyeusi.

Kinubi kikubwa cha okestra kina nyuzi 47, na kila oktava (kutoka noti moja hadi jina lake linapojirudia) ina nyuzi saba tu, si noti kumi na mbili kama piano. Chini kuna pedali saba, moja kwa kila jina la noti, na kila pedali ina vituo vitatu: flati (nusu toni chini), kawaida na shapu (nusu toni juu). Ukikanyaga pedali ya F ikaenda shapu, karibu F zote za kinubi kizima zinakuwa F shapu kwa pamoja. Kwa hiyo mfululizo wa nusu toni kwa nusu toni, ambao kwenye piano ni mchezo wa mtoto, kwa mpiga kinubi ni vurugu ya miguu, na ukiwa wa kasi haupigiki. Msikilizaji huenda hajui lolote kuhusu pedali, lakini sikio lake linashtuka. Nikiletewa kazi ya mtu nirekebishe, hapo ndipo ninapoanzia: naangalia kama noti zake zinaingia kwenye nyuzi saba. Mara nyingi haziingii.

Basi kabla ya kurekodi, andika pembeni nyuzi zako saba kwa kipande hicho cha wimbo, na usitoke humo mpaka kodi ibadilike (kodi ya muziki, yaani noti kadhaa zinazokwenda pamoja, si ile ya serikali). Ukihitaji kubadilisha pedali, acha nafasi ya pumzi. Mguu mmoja kila upande unaweza kufanya kazi kwa wakati mmoja, lakini pedali nne kubadilika katikati ya mbio ni ndoto.

Nyuzi hizo saba ndizo siri ya glisando pia, ule mburuto wa kidole juu ya nyuzi. Mpiga kinubi anapoburuta kidole hawezi kuruka uzi, zote zitalia. Akitaka kodi ya noti nne tu, anazipanga pedali ili nyuzi mbili jirani zitoe sauti moja. Mfano mzuri ni C, D shapu, E flati, F shapu, G flati, A na B shapu. Hesabu: nyuzi saba, sauti nne tu, na unapata ile kodi ya kupungua inayotumika sana kuleta taharuki. Kwenye MIDI, maana yake baadhi ya noti zitajirudia mara mbili mfululizo ndani ya mburuto. Ziache zijirudie! Ule mgongano mdogo wa sauti pacha ndio unaoifanya glisando imetemete. Ukichora noti nne safi bila marudio, umerudi kwenye piano.

Kuburuta kidole kwenye funguo nyeupe za kinanda kunakupa noti za C kubwa tu, na nyeusi zinakupa noti tano. Kama programu yako ina sehemu ya kupanga pedali, itumie, kwani funguo nyeupe zitafuata mpangilio huo. Kama haina, chora kwa mkono. Oktava tatu ni nyuzi 22. Zikipita ndani ya sekunde moja, kati ya noti na noti kuna wastani wa milisekunde 48. Usizigawe sawasawa. Anza na 70 hivi, malizia na 30, na nguvu ya mguso ipande taratibu. Noti ya mwisho, kama inatua kwenye pigo, idonoe peke yake kwa nguvu zaidi, kwa sababu mpigaji huwa anaimalizia kwa kidole kilichotayarishwa.

Sasa apejio. Vidole vinavyotumika ni vinne kila mkono; kidole cha mwisho hakipigi. Kwa hiyo apejio hutembea kwa mafungu ya nne au pungufu, na kidole gumba, kinachoshika noti ya juu ya kila fungu, huwa na sauti iliyokaza kuliko cha pete. Ukipandisha nguvu ya gumba kidogo na kushusha ya cha pete, utasikia tofauti papo hapo. Hata kodi inayopigwa kwa pamoja humwagika kidogo kutoka chini kwenda juu. Achanisha noti kwa milisekunde 15 hadi 40, na usibonyeze kabisa kile kitufe cha programu cha kunyoosha noti kwenye gridi (mistari ya mapigo).

Jambo la kulia kwa nyuzi ndilo linalosahaulika zaidi. Uzi ukidonolewa unaendelea kulia mpaka ufe wenyewe au uguswe, na zile nene za chini hulia muda mrefu mno. Shikilia pedali ya kuendeleza sauti ya kinanda chako (si zile saba za kinubi), iachie kodi inapobadilika, halafu ikanyage tena. Lakini uzi mmoja hauwezi kulia mara mbili kwa pamoja: kidole kinapowekwa tayari kudonoa tena, sauti ya kwanza inakatika. Programu nyingi hurundika nakala mbili za noti ileile, na besi inageuka uji. Tafuta mpangilio wa kuruhusu sauti moja kwa kila noti. Usipoupata, achia pedali kwa kufumba na kufumbua kabla ya kurudia noti za chini. Za juu zinakufa haraka, hizo usihangaike nazo.