Muulize Shangazi: Tuhamie mji mdogo au tubaki?

Shangazi shikamoo. Mimi ni baba wa watoto watatu, mkubwa ana miaka 14, wa kati 9 na wa mwisho 4. Tunaishi jiji kubwa mwaka wa 11 sasa na kwa kweli nimechoka, natoka nyumbani giza narudi giza, yaani yule mdogo kuna wiki namkuta macho Jumapili tu. Kazini wamesema naweza kuhamia tawi letu la mji mwingine mdogo, mshahara uleule, kodi ya nyumba kule ni kama nusu ya hapa, shule iko karibu, hewa safi. Tulienda wikendi moja tukapapenda wote, watoto wakacheza nje mpaka usiku. Nimepiga hesabu kwenye karatasi mara tatu na zote zinasema twende. Mke wangu ni mtu wa maabara hospitalini, nilipomuuliza akasema sawa tu kama wewe umeona hivo. Bosi anataka jibu mwisho wa mwezi ujao. Tuhame au nitajuta?
Baba Watatu

Marahaba mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nilikuwa nahesabu sentensi. Foleni, kodi na hewa umezimwagia maneno, mkubwa wako umemtaja kwa namba ya umri basi, mkeo kapata sentensi moja, na ndani ya hiyo sentensi ndo kuna maneno mawili yaliyonifanya niweke miwani vizuri: "sawa tu". We umeishi naye miaka yote hiyo, hiyo "tu" hukuisikia?

Mshahara wako unahama na wewe, wa kwake je? Mji ule una maabara ngapi, mbili? Moja? Na hiyo moja ikiwa imejaa watu, au ikamchukua alafu akashindwana na mkuu wake, anaenda wapi? Hapo ndo mji mdogo unapokaba. Jiji kubwa ukipoteza kazi leo kesho unazungusha barua mtaa wa pili, mji mdogo mwajiri wa pili huenda hayupo kabisa, na hili linakuhusu hata wewe maana ofisi ikiamua kufunga hilo tawi utabaki na hewa safi peke yake. Mchumi Jacob Mincer aliandika mwaka 1978 kuhusu familia zinazohama, akaonyesha kwamba hesabu ya familia nzima inaweza kutoka na faida huku mmoja humo ndani katoka na hasara, amefungwa kwa safari ya mwenzake kama tela nyuma ya lori. Kwa hiyo hizo hesabu zako tatu naona ni hesabu moja uliyoirudia. Chukueni karatasi mbili, yako na yake, na ya kwake aandike mwenyewe, usimshikie kalamu.

Sasa hiyo wikendi. Mwaka 1998 wanasaikolojia David Schkade na Daniel Kahneman waliwauliza wanafunzi karibu 2,000 wa vyuo vya Marekani, wengine wako California kwenye jua, wengine kule katikati ya nchi kwenye baridi kali. Pande zote mbili ziliamini wa California wana maisha matamu zaidi, kumbe kila mtu alipoulizwa kuhusu maisha yake mwenyewe, kuridhika kulikuwa karibu sawa. Ukimuuliza mtu kuhusu mahali, kichwani linakuja jua, lakini akishahamia hapo anaamka anawaza ada, mgongo na jirani mwenye kelele. Ndo maana hewa safi mimi siipi alama nyingi, utaizoea mapema tu. Foleni kuisha ni kitu kingine, hiyo nakupa alama zote, mtoto kukuona jioni akiwa macho hakuzoeleki.

Mimi mwenyewe yalinikuta. Tulihamia mji mdogo binti yangu akiwa na miaka sita, tulikuwa tumeenda kuuangalia mara mbili, zote Jumamosi, pazuri jamani. Mwezi wa tatu sikio lake likaanza kutoa usaha, daktari wa pale akatuandikia barua ya rufaa kwa mtaalamu, na mtaalamu yuko kulekule tulikotoka, saa nne na nusu kwa basi. Tulienda mara saba. Namuona bado alivyokuwa analaza kichwa mapajani kwangu kwa upande wa sikio zima, mkono mmoja namzuia asidondoke kwenye kona, mwingine nimeshika mkoba, na ile bahasha ya rufaa nimeing'ata kwa meno kama mbwa wa posta. Hatukurudi jijini na sijutii, ila laiti mtu angeniambia niulizie daktari wa masikio kabla sijaulizia kodi.

Kwa hiyo rudini tena, safari hii katikati ya wiki. Ombeni likizo ya siku nne tano, pangeni chumba, Jumanne amkeni saa yenu ya kawaida, mtembee mpaka shule mnayoitaka mkaone darasa lina watoto wangapi, jaribuni intaneti saa mbili usiku wakati mtaa mzima umeingia mtandaoni, ulizieni basi la mwisho linaondoka saa ngapi. Mkeo aingie hospitali ya pale aongee na watu wa maabara wenyewe, sio na tangazo la kazi.

Na huyo wa 14. Marekani mwaka 1994 ulianza mpango wa kuzipa familia vocha zihame mitaa maskini, alafu mwaka 2016 mchumi Raj Chetty na wenzake wakatoa matokeo ya watoto hao walipokua: waliohama kwa vocha kabla ya kufika miaka 13 walikuja kuwa na kipato kikubwa zaidi kwa karibu 31%, waliohama wakiwa wamevuka hapo hawakuipata hiyo faida, na dalili zilionyesha labda walipoteza kidogo. Najua yenu sio hiyo, wale walikuwa wanatoka kwenye umaskini, lakini inakuonyesha kwamba wa 4 na wa 14 hawapandi gari moja. Mdogo atalilia kitanda chake siku mbili. Mkubwa anaacha watu. Muulize kabla hujaamua, sio unamtangazia, na kama mwakani ana mtihani mkubwa mwambie bosi utahama ukishaisha, bosi anayekuhitaji atasubiri.

Ukinibana nijibu leo: mkeo akipata kazi kule, nendeni, mpange nyumba mwaka mzima na msinunue kitu hata kikiuzwa bei ya bure. Asipopata, bakini, alafu utafute nyumba karibu na ofisi yako hata iwe na chumba pungufu, au umuombe bosi siku mbili za kufanyia kazi nyumbani, maana ukiisoma barua yako vizuri hulalamikii jiji, unalalamikia barabara.

Shangazi, sisi tulishahama, mwezi wa tano huu. Mume wangu na watoto wana furaha mpaka wananikera, mimi sina hata mtu wa kwenda kukaa kwake jioni, nabaki kupiga simu kwa rafiki zangu wa kule. Kuna mama mmoja tu tunasalimiana getini shuleni, hata jina simjui. Turudi?
Mpweke

Pole mwanangu, ila miezi mitano bado mapema. Jeffrey Hall wa Chuo Kikuu cha Kansas alichapisha mwaka 2018 utafiti uliohusisha watu wazima waliotoka kuhama kama wewe, akakuta mtu mnayefahamiana anachukua kama saa 50 za kuwa pamoja mpaka muanze kuwa marafiki wa juujuu, kama 90 mpaka rafiki kweli, na zaidi ya 200 mpaka rafiki wa ndani. Piga hesabu: mkionana saa mbili kwa wiki, hizo 50 tu ni karibu nusu mwaka na hizo 200 zinafika kama miaka miwili. Kwa hiyo hujakataliwa na mji, hujajaza saa. Tafuta kitu cha kila wiki, siku ileile watu walewale, iwe kwaya, mazoezi au darasa la kushona, hata kama hupendi sana kushona. Simu za kule usizikate, ila zihamishie asubuhi, zinakula jioni zako zote.

Na huyo mama wa getini, kesho muulize jina.