Maswali yenu: kontena linalojitaja jina

Wiki iliyopita niligusia kwa mistari miwili tu kwamba Wamarekani hufuatilia shehena za jeshi lao kwa tagi za redio, zile zinazoitwa RFID. Sikudhani Kusini tuna watu wengi wanaolala wakiwaza mambo hayo. Simu imepokea ujumbe mpaka chaji ikaisha. Nimechagua saba, waliobaki wanisamehe, hasa aliyeniuliza kama tagi inaweza kumrudisha mke.

Shikamoo mzee. Hiyo redio ni ya namna gani, ya kusikilizia taarifa ya habari au kama ile ya askari wa doria? (Karani wa AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, Newala)

Marahaba mwanangu. Mawimbi ni ndugu, kazi ni tofauti. Tagi ni chipu ndogo iliyounganishwa na antena, nayo imebeba namba, na nyingine hubeba orodha nzima ya vilivyomo. Ziko aina mbili kubwa, na ukizichanganya hutanielewa huko mbele.

Ya kwanza haina betri. Umewahi kuona watoto wakimulikana jua kwa kipande cha kioo? Kioo hakina mwanga wake. Kinarudisha wa jua, na mtoto akikichezesha, mwenzake aliye ng'ambo ya uwanja anaona kinametameta. Ndivyo ilivyo tagi hii. Mashine ya kuisomea inatuma mawimbi, tagi inachota humohumo nguvu kidogo ya kuamshia chipu, halafu inayarudisha ikiyachezesha kwa mpangilio unaotaja namba yake. Ghalani inasomeka kwa umbali wa mita chache, hali ikiwa nzuri mita kumi hivi. Kadi ya kulipia kivuko cha Kigamboni ni ya ukoo huohuo, ila yenyewe mpaka uisogeze igusane na mashine.

Ya pili ina betri na hujibu kutoka mita mia hivi. Jeshi la Marekani lilianza na hii, kwenye masafa ya MHz 433, ikifungwa nje ya kontena. Ile isiyo na betri ilifuata kwa ajili ya maboksi na paleti, zile chaga za kupangia mzigo: waraka wa Wizara yao ya Ulinzi wa Julai 2004 uliwataka wauzaji waanze kuibandika kuanzia Januari 2005.

Jeshi lenye fedha vile linataka chipu za nini, mzee? Makarani hawana? (Dereva wa lori, Masasi)

Wanao, tena wengi kuliko wakazi wa kata yenu. Sikiliza lililowakuta.

Katika vita ya Ghuba ya 1991 walisafirisha makontena kama 40,000. Yalipofika Saudi Arabia, zaidi ya nusu ilibidi yafunguliwe ili kujua ndani mna nini. Mzigo umefika, meli imeshusha, kila kitu kipo, na hakuna anayejua kilipo. Sasa mweke hapo askari aliyeagiza tairi. Anangoja, haoni kitu, anaagiza tena. Anangoja, anaagiza mara ya tatu. Tairi zote tatu ziko njiani au zimeshafika, zimezikwa chini ya viatu na mikebe ya chakula. Wenyewe waliiita milima ya chuma. Baada ya hapo ndipo wakaanza kuhangaika na tagi za betri, na kufikia kazi ya Bosnia katikati ya miaka ya 1990 walikuwa wanazijaribia barabarani.

Wewe dereva unalijua jambo hili kuliko jenerali yeyote. Msimu wa korosho umelala mara ngapi chini ya lori nje ya ghala, mzigo uko mgongoni, na kinachokosekana ni karatasi? Kumbuka Novemba 2018, Serikali iliposema itanunua korosho yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo na malori ya JWTZ yakaingia Mtwara na Lindi kusomba. Kupakia gunia siyo kulikokula muda. Uhakiki ndio uliokula: hizi ni za nani, zimetoka shamba gani, si za kangomba, yaani za walanguzi?

Usidhani basi kwamba tagi zilimaliza shida. Kabla ya vita ya Iraki ya 2003, Jenerali Tommy Franks, kamanda wa majeshi ya Marekani Mashariki ya Kati, aliamuru kila kontena na kila paleti inayokwenda eneo lake ifungwe tagi. Amri ya jenerali, si ombi. Desemba mwaka huohuo, ofisi ya ukaguzi ya Bunge lao ikaeleza kwamba kati ya vitu vilivyotumwa na vile ambavyo vikosi vilikiri kuvipokea kulikuwa na tofauti ya dola bilioni 1.2. Miongoni mwa sababu walizozitaja: tagi hazikutumiwa na wote, wala kwa namna moja.

Nilifanya ukarani wa ghala miaka kumi na tisa, na niliposoma hayo nilicheka peke yangu. Mwaka mmoja, katika ghala nisilolitaja, tulitafuta salfa, dawa ya ugonjwa wa mikorosho uitwao ubwiriunga, siku mbili, wakulima wamekaa mlangoni na ugonjwa uko mashambani. Salfa ilikuwepo. Tuliikanyaga tukienda na kurudi. Mtu aliiandika kwenye leja kuwa saruji, na viroba vilifunikwa turubai. Tungekuwa na tagi siku ile, ingetuambia kwa sauti kubwa, kutoka mita mia moja, kwamba pale pana saruji.

Kwa nini wasiweke GPS tu wakamaliza? (Mwanafunzi wa ufundi, Lindi mjini)

GPS inataka kuona anga, na kontena lililopangwa chini ya mengine manne halioni anga. Halafu ikishajua ilipo lazima itafute mtandao wa simu au setilaiti ya kupelekea habari, na hayo yote yanakula betri. Tagi ya redio haijui ilipo hata kidogo. Anayejua ni msomaji aliyefungwa getini: kontena hili limepita kwangu saa nane na robo. Kati ya geti na geti hujui kitu. Ndiyo maana siku hizi shehena nyeti hufungwa vyote viwili. Lakiri za kielektroniki ambazo TRA huzifunga kwenye malori ya transiti ni za upande huo wa GPS, usizichanganye na hizi.

Mimi ni fundi wa kuchomelea. Mawimbi na chuma ni maadui. Zana za jeshi zote ni chuma. Wanafanyaje? (Magomeni, Mtwara)

Fundi, umegonga penyewe. Tagi ya kawaida, ile ya karatasi, ukiibandika moja kwa moja juu ya bati inakufa. Chuma kinarudisha mawimbi na kuivuruga antena mpaka isipate nguvu ya kuamka. Dawa yake ni kuinyanyua: huwekwa juu ya kipande cha plastiki au povu gumu, au hununuliwa tagi iliyoundwa mahususi kwa chuma. Hiyo ya pili ni nene zaidi na ghali zaidi. Bunduki, jenereta, injini ya akiba, vyote hutaka za namna hiyo.

Maji nayo ni tatizo, ila kwa njia nyingine: yanayameza mawimbi. Paleti ya katoni za maji ya kunywa, zile za pembeni zitasomeka na za katikati zitanyamaza. Ndiyo maana wenye akili huibandikia paleti nzima tagi moja kwa nje na kuiunganisha kwenye kompyuta na orodha ya vilivyomo. Na hewa yetu ya bahari, wewe unayeona geti la chuma likiliwa na kutu kwa miaka miwili, unaweza kukisia inavyozitendea tagi za betri zisizozibwa vizuri.

Kijana, nilitumikia jeshi enzi ambazo wapigania uhuru wa Msumbiji walikuwa wanafunzwa hapa kwetu. Tulifundishwa mzigo haupigi kelele. Hicho kitu chako kinapiga kelele. Adui naye akiwa na mashine ya kusomea? (Mzee, Nachingwea)

Shikamoo mzee wangu. Katika maswali yote, hili ndilo lililoninyima usingizi, na nakuunga mkono kuliko unavyodhani.

Tagi za mwanzo za betri zilijibu yeyote aliyejua lugha yao. Ukiwa karibu na msafara, na mashine inayofaa, ungeweza kusoma kontena lipi limebeba nini. Tiba iliyotumika ni kuondoa maneno kwenye tagi na kuacha namba tupu, maana yake ikibaki kwenye kompyuta iliyofungwa. Tagi nyingine huwekewa nywila. Hata hivyo namba tupu nayo ni habari. Ukiona namba mia zilezile zimepita darajani Jumatatu na zimerudi Alhamisi, huhitaji kujua ndani mna nini.

Mwaka 2021 shirika la habari la Associated Press lilichunguza tagi zilizowekwa kwenye bunduki zenyewe ili ziwe rahisi kuhesabiwa ghalani. Kuna vikosi vya Marekani vilivyozipenda, kwa sababu kuhesabu silaha kwa mkono kila siku ni adhabu. Wataalamu wakaonyesha kwamba zinaweza kusomwa kutoka mbali kuliko wauzaji walivyodai, kwa hiyo askari akiwa porini bunduki yake inaweza kumtaja. Kikosi chao cha wanamaji wa nchi kavu kilikuwa kimeshakataa. Kwangu mimi waliokataa ndio walio sawa. Ghalani iwepo, bunduki ikienda vitani tagi ibaki.

Nikuongezee kisa. Mwaka 1945 watoto wa Kisovieti walimzawadia balozi wa Marekani mjini Moscow nembo ya taifa lake iliyochongwa kwa mti. Ikatundikwa ukutani nyumbani kwake. Ndani mlifichwa kifaa kisicho na betri wala waya. Warusi wakikimulika kwa mawimbi kutoka nje, kinarudisha mawimbi yakiwa yamebeba sauti za waliomo chumbani. Kilikaa mpaka 1952 ndipo kikagunduliwa. Ni kipande cha kioo kilekile nilichomwambia karani wa Newala. Sisi watu wa Mtwara tunaomgawia kila mgeni kinyago tusije tukatiliwa shaka.

Na risasi na mabomu? Hapo pana hatari nyingine usiyoiuliza. Baadhi ya viwashio vya mabomu huwashwa kwa umeme, na mawimbi yenye nguvu yakizidi karibu nayo yanaweza kuviamsha. Kwa hiyo mashine ya kusomea haiingizwi ghala la silaha hivihivi. Hupimwa kwanza na kupangiwa umbali. Upande wa faida, zipo tagi zenye kipima joto na unyevu, zinazoweka kumbukumbu kontena lilichemka kiasi gani likiwa juani. Mzee uliyewahi kugusa bati la kontena mwezi wa pili huhitaji maelezo.

Kuhusu vifaa vilivyotumika bila hesabu, nyie wa Nachingwea ndio walimu. Mpango wa Karanga wa Waingereza wa 1947 ulianza na matrekta yaliyobaki vitani, mengine yamechukuliwa Ufilipino yakiwa yamechoka, wanunuzi wakidhani wamepata bahati.

Je, jeshi letu linazo? (Hakutaja jina, Kilwa Masoko)

Nenda geti la kambi yoyote ukaulize. Ukirudi, nisimulie.

Sisi wa ushirika tunaweza kuziweka kwenye gunia za korosho? Kuna mtu amekuja na kompyuta mpakato anasema tutamaliza wizi. (Mjumbe wa bodi, Ruangwa)

Tagi yenyewe si ghali. Ile isiyo na betri, ukinunua kwa wingi, ni senti chache za dola. Kinachouma ni mashine za kusomea, antena za mlangoni, umeme usiokatika na mtu wa kuitengeneza ikigoma katikati ya msimu. Korosho kavu si adui mkubwa wa mawimbi, hapo mna bahati. Lakini gunia linarushwa, linaburuzwa na kuvutwa kwa ndoano, kwa hiyo tagi lazima ishonwe ndani ya mshono, na ashonaye awe anakumbuka kila gunia lina namba gani.

Jambo la pili ambalo yule wa kompyuta mpakato hakuwaambia: tagi inahesabu gunia, haipimi. Gunia lililopunjwa kilo tano linapita mlangoni likijitaja jina lake vizuri tu. Kama wizi wenu uko kwenye mizani, mtanunua mashine za bure. Kama uko njiani, gunia mia zinatoka AMCOS na tisini na sita zinafika ghala kuu, hapo tagi itawasaidia kujua ni zipi nne na zilionekana mara ya mwisho geti gani.

Stakabadhi ghalani, ule mfumo wa kuandikiwa risiti ya mzigo uliouweka ghalani, mnayo miaka mingi, kwa hiyo karatasi za kulinganisha zipo. Kabla hamjasaini chochote, nipigie picha kurasa mbili za leja ya msimu uliopita, ya kutolea na ya kupokelea, za siku moja. Picha azitume kijana wenu wa stoo, asitume mwenyekiti.