Muravumba juu ya mawe ya volkano

Ndugu mhariri, wiki hii mmeuliza ni mmea gani wa dawa ambao msomaji hakubali kuukosa nyumbani kwake. Kwangu ni muravumba, na naandika kutoka Goma, mashariki mwa Kongo, ambako parseli (viwanja) nyingi zimekaa juu ya mawe.

Lava ya mwaka 2002, iliyotiririka kutoka volkano yetu ya Nyiragongo, iliwaachia watu mwamba mtupu. Ukitaka mchicha, lazima ununue udongo kwa magunia. Muravumba (Tetradenia riparia) hauna gharama hiyo: umezoea miteremko yenye mawe, na kinachouua upesi ni maji yaliyotuama. Changarawe yetu nyeusi hupitisha mvua mara moja. Mvua za Septemba zikianza, kata tawi la shubiri moja, liache kivulini siku mbili kidonda kikauke, kisha lichomeke kwenye changarawe iliyochanganywa na udongo kidogo. Usilimwagilie kila siku, litaoza. Kiangazi cha Juni hadi Agosti mti unaweza kupukutisha majani ukabaki na maua tu. Tafadhali msiung'oe mkidhani umekufa! Maua yakiisha, punguza matawi hadi nusu, utachipua upya, na utakaa nanyi miaka mingi.

Jani lake hunata vidoleni na kunukia sana, maana ni wa ukoo mmoja na mrehani na mnanaa. Sisi tunautumia kwa mafua: majani machache, yaoshwe vizuri kwa sababu ya majivu ya volkano, yatiwe kwenye maji yaliyochemka, mtu avute mvuke wake. Wengine hutwanga majani na kunywa maji yake mabichi kwa glasi. Hilo silikubali, kwani hakuna anayepima nguvu ya dawa iliyomo. Mama mjamzito na mtoto mchanga wasinyweshwe kabisa, hata kama bibi anasisitiza.

Na malaria? Najua wazee wetu waliutegemea. Mwaka 1986 watafiti walichapisha kwamba majani haya yana kiini kinachozuia vijidudu kama bakteria na fangasi, lakini hayo yalikuwa majaribio ya maabara, si tiba ya mtoto anayetetemeka kwa homa usiku. Huyo apelekwe kituo cha afya, apimwe damu, apewe dawa mseto. Kikohozi nacho kikifika wiki mbili, acheni kufukiza, mgonjwa akapimwe kifua kikuu.