Machozi ya ukumbi wa parokia

SWALI: Mhariri, pokea salamu kutoka Iringa. Vijana wa parokia yetu waliigiza kisa cha Mkwawa, mtemi wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani, kiingilio kikiwa shilingi 2,000, nami nikalia, ingawa askari mmoja wa Kijerumani alivaa saa ya plastiki mkononi. Baadaye kikaja kikundi cha wasanii wa kulipwa na mchezo mwingine, kiingilio shilingi 15,000. Nilitoka nimeridhika, lakini macho makavu. Mume wangu anadai kwamba sijui sanaa. Je, ni haki kulinganisha michezo hiyo miwili?
Msomaji, Kihesa

JIBU: Dada yangu, kulinganisha ni haki yako, maana kote uliingia kwa fedha yako. Ila tuangalie machozi hayo yalitoka wapi. Kalenga, ambako limehifadhiwa fuvu la Mkwawa lililorudishwa kutoka Ujerumani mwaka 1954, ni kama kilomita 15 tu kutoka hapo mjini. Kijana akitamka "Lugalo", wazee wa mstari wa mbele wanaiona vita ya 1891, Wahehe walipowashinda Wajerumani mahali hapo, kabla hajamaliza sentensi, na pengine kijana mwenyewe ni mtoto wa jirani. Kikundi cha kulipwa hakikuwa na mtaji huo. Kilianza na watu wasiokifahamu, kikalazimika kujenga kila kitu chenyewe, na kukuridhisha katika hali hiyo si kazi ndogo.

Mimi hupima kwa mvua. Hapa Mbeya niliwahi kuketi katika ukumbi wa bati, mvua ikashuka katikati ya onyesho la wachezaji wa ridhaa: wakapaza sauti wote kwa pamoja, wakaharakisha, na kuanzia hapo tuliyemsikia vizuri ni yule aliyekuwa nyuma ya pazia akiwakumbusha maneno. Mwaka uliofuata, ukumbi ule ule, mvua ile ile, mwigizaji aliyesomea kazi yake alinyamaza, akatazama juu kana kwamba mvua imeandikwa katika mchezo, akasubiri ipungue, kisha akaendelea taratibu. Hakuna aliyekohoa.

Kwa hiyo, saa ya plastiki ningewasamehe vijana wa parokia, kwa kuwa maleba, yaani mavazi ya jukwaani, hununuliwa kwa michango, lakini anayelipwa nisingemsamehe. Sauti isiyofika viti vya nyuma simsamehe yeyote, kwa sababu mazoezi ya sauti hayahitaji fedha. Na hao wa kulipwa nao wana ugonjwa wao: mchezo uliokwisha kuzunguka miji mingi huanza kuchezwa kwa mazoea, na utamwona mwigizaji akimtazama mwenzake bila kumsikiliza, akingoja tu zamu yake ya kusema. Huenda hicho ndicho kilichokukausha macho.

Mwambie shemeji kwamba vijana wakirudia onyesho, mkae wote wawili mstari wa mwisho, mbali na wazee, kisha mniandikie kama umelia tena.