Mstari wa Kuteleza: Udi Si Piano

SWALI: Assalamu alaykum, Mhariri. Mimi ni mwalimu wa muziki hapa Langoni, Lamu. Ninaandika noti za taarabu kwa programu ya MuseScore 4, ili vijana wanaojifunza udi na fidla wapate pa kusomea. Kila panapotokea kuteleza kutoka noti moja hadi nyingine, ninaweka glissando, yaani mstari wa kuteleza, kutoka kwenye paleti (kisanduku cha alama cha programu), lakini mambo matatu yananitatiza. Neno “gliss.” hujiandika lenyewe juu ya mstari, na mahali pengine halionekani kabisa. Mstari wa mawimbi unawachanganya vijana. Tena ninapoisikiliza kazi yangu kwenye kompyuta, sauti hupanda ngazi kwa ngazi kama piano, maana nimeandika kwenye mistari ya piano niliyoizoea. Je, naweza kuurekebisha mstari huu, au niuchore kwa kalamu baada ya kuchapa?

JIBU: Waalaykumu ssalaam, Mwalimu. Kalamu iweke kando. Yote matatu yanarekebishika ndani ya programu yenyewe, ila ni vyema kwanza tukubaliane kwamba mstari huo ni agizo kwa mkono wa mpigaji, na mkono wa mpiga udi hautelezi kama wa mpiga piano. Shingo ya udi haina vigawanyo vya kutenga noti, wala ya fidla haina. Kidole kikiubana uzi kwenye D na kuburura hadi F, sikio husikia kila kilichomo katikati, hata zile sauti zisizo na noti yake kwenye piano. Kwa hiyo mtelezo wa namna hiyo unastahili mstari ulionyooka. Mawimbi ningeyaachia kanuni, ile ala ya nyuzi nyingi, kidole kinapopita juu ya nyuzi nyingi kwa haraka na kila sauti ikasikika kivyake.

Vijana wako wana haki ya kuchanganyikiwa. Niliwahi kumpa mpiga fidla mmoja wa Malindi karatasi yenye mstari wa mawimbi, naye akaitetemesha noti ya kwanza mpaka mwisho wa kipimo badala ya kuteleza, kwa kuwa macho yake yalisoma mtetemo. Sikumlaumu, kwani kosa lilikuwa la karatasi yangu, na tangu siku hiyo sijaandika mawimbi kwa ala ya nyuzi zinazobanwa kwa kidole.

Kwa upande wa vitendo, bofya mstari mmoja, kisha ufungue kidirisha cha sifa. Hapo utakuta pa kuchagua umbo, mnyoofu au wa mawimbi, na chini yake pa kuonyesha au kuficha maandishi. Neno lenyewe pia hubadilishwa: futa “gliss.” na uandike “teleza”, au lolote ambalo darasa lako limelizoea. Sioni dhambi yoyote katika hilo, kwa sababu hata glissando ni neno la Kifaransa lenye maana hiyo hiyo ya kuteleza, lililovishwa mwisho wa Kiitaliano. Ama kule kutoonekana mahali pengine, si hitilafu: mstari ukiwa mfupi kuliko neno, programu hulificha neno ili lisizigonge noti. Ongeza nafasi katika kipimo hicho, au tumia neno fupi zaidi.

Suala la sauti ni jingine kabisa na umbo, na hapa ndipo wengi hupotea, wakidhani kwamba wakinyoosha mstari, sauti nayo itanyooka. Badilisha kwanza ala, utoke kwenye piano na kuweka udi au fidla. Kisha, mstari ukiwa umechaguliwa, tafuta katika kidirisha kile kile sehemu inayohusu usikilizaji. Kuna namna tano: kupita kila nusu toni, kupita vibonye vyeupe tu, kupita vyeusi tu, kufuata noti za ufunguo ulioandika, na portamento, neno la Kiitaliano litokanalo na kubeba, yaani sauti inabebwa bila kukatika. Hiyo ya mwisho ndiyo yako. Ya kufuata ufunguo inaikaribia kanuni, lakini haizijui robo toni za maqam, yaani ngazi za sauti za muziki wa Kiarabu, basi usiifanye kuwa hakimu wa sikio lako. Vibonye vyeupe vinamfaa mpiga kodiani.

Ikiwa umekwisha kuandika kurasa nyingi, usirekebishe mstari mmoja mmoja. Bofya mmoja kwa kitufe cha kulia cha kipanya, chagua vyote vinavyofanana nao, kisha ubadilishe mara moja.

Iwapo unataka mstari wa vistari vilivyokatika, kwa mfano kuonyesha mtelezo mwepesi ambao mpigaji ana hiari nao, chagua noti mbili, ingia menyu ya kuongeza, upande wa mistari, na uweke mstari ulioshikana na noti, ambao mtindo wake unabadilika upendavyo. Mstari huo hautasikika kwenye kompyuta. Ni wa macho tu. Wanaotumia LilyPond, programu nyingine ya kuandika noti, wanaweza kuukatakata au kuutia nukta mstari wa glissando wenyewe kwa amri moja.

Mstari ukishakuridhisha, tengeneza paleti yako mpya, shika Ctrl na Shift pamoja, uuburute mstari kutoka kwenye ukurasa hadi ndani ya paleti hiyo, kisha uupe jina. Ningekuwa mimi, ningeweka miwili, wa udi na wa kanuni, ili usianze upya kila wimbo. Kabla ya kuwachapia vijana, chapa ukurasa mmoja na uutazame kwa umbali wa kinara cha noti: mstari ulionyooka uliowekwa kati ya noti mbili zilizobanana huonekana kwa shida kwenye karatasi, hata kama kwenye skrini ulikuwa wazi.